Setingi za kuokoa umeme kwenye prosesa ya kompyuta ya zamani: usikimbilie kuzizima

Huku Kigoma, kuanzia steshenari za Mwanga mpaka Ujiji, kuna ushauri unazunguka kwamba kompyuta ikiwa nzito ingia BIOS (ile menyu ya setingi unayoingia kabla Windows haijawaka) uzime kila kitu kinachohusu kuokoa umeme, mashine itafufuka. Haifufuki. Utakachopata ni feni inayolia kutwa na Luku inayoisha mapema, uzito unabaki palepale. Na mashine nyingi tulizonazo huku ni used zenye prosesa za Intel, Core 2 Duo au i3 na i5 za mwanzo mwanzo, zote zina hizi setingi, kwa hiyo bora ujue kila moja inafanya nini kabla hujaigusa.

Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inaokoa umeme kwa njia mbili na watu wengi wanazichanganya. Chukulia bodaboda: kuna kupunguza mafuta barabara ikiwa nyeupe, na kuna kuzima injini kabisa unapokuwa kijiweni unasubiri abiria.

Ya kwanza, kupunguza mwendo. Intel wanaiita SpeedStep, kwenye BIOS mara nyingi imeandikwa EIST, AMD wao ni Cool'n'Quiet kwa desktopu na PowerNow! kwa laptopu. Mfano E8400, Core 2 Duo ya 2008, kasi yake ni 3.0 GHz lakini ukiwa unasoma tu PDF inashuka mpaka 2.0 GHz. Sasa sio kasi peke yake inayoshuka, na volti inashuka, na faida kubwa iko hapo kwenye volti, kwa sababu umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini unaenda na volti mara volti, yaani ukishusha volti kwa asilimia 10 matumizi yanapungua kama asilimia 19 hata kabla hujagusa kasi. Ukifungua kitu kizito inapanda tena kufumba na kufumbua, hutahisi chochote. Ndo maana nasema anayelaumu SpeedStep kwa uzito wa mashine anamsingizia asiyehusika.

Ya pili, kulala. Kwenye BIOS ni "C-States", zina namba: C0 iko kazini, C1 imesimama kidogo, C3 na C6 usingizi mzito, C6 ndo koa (kiini kimoja kati ya viini vya prosesa) inakatiwa umeme kabisa. C1E ni C1 lakini inashusha na volti humohumo. Prosesa inalala na kuamka mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, hata katikati ya herufi mbili unazochapa inapata usingizi.

Sasa kuna jambo ambalo hao wazimaji hawaambiwi. Kama prosesa yako ina Turbo Boost, yaani kujiongezea kasi kupita ile ya kawaida, ile Intel walianza kuiweka 2008, ukizima C-States unaweza ukaikosa ile turbo ya juu kabisa, maana turbo kubwa ya koa moja inapatikana koa zingine zikiwa zimelala. Na kwenye bodi nyingi ukizima EIST turbo nayo inaondoka mazima. Yaani mtu amezima ili apate spidi afu ameipunguza mwenyewe, na anakuja kukwambia sasa hivi iko poa kwa sababu amesikia feni inavuma!

Kwa hiyo BIOS ingia (Dell ni F2, HP F10, ThinkPad F1), hakikisha EIST, C1E na C-States ziko "Enabled", toka. Sababu za kuzima zipo ila chache. Moja, unarekodi sauti na inakwaruza kwaruza, unaweza kujaribu kuzima C-States uone. Nyingine, umechukua bodi ya kizazi cha nne cha Intel, zile za 2013, ukaifunga na pawasaplai ya zamani, mashine ikawa inajizima yenyewe ukiiacha bila kazi. Hapo prosesa ikilala sana inavuta umeme mdogo mno na pawasaplai za kale nyingine haziwezi kushika mzigo mdogo hivyo, zima C6 na C7 (usingizi mzito zaidi) tu, zingine ziache.

Ukishamaliza BIOS njoo Windows, maana BIOS inaruhusu tu, anayeamua saa ngapi ipungue ni Windows. Kama bado una XP, na huku zipo nyingi tu zinaprinti mpaka leo, chagua "Minimal Power Management", ile "Home/Office Desk" ikiwa kwenye umeme wa ukutani inabana prosesa juu muda wote. Windows 7 kwenda juu ingia "Power Options", "Change plan settings", afu "Change advanced power settings", shuka mpaka "Processor power management". Kiwango cha chini ("Minimum processor state") weka asilimia 5, cha juu ("Maximum processor state") 100. Ile plani ya "High performance" inaweka cha chini 100, na hiyo ndo inayofanya laptopu ichemke hata ukiwa umefungua Word tupu.

Cha juu ukikiweka 99 badala ya 100, turbo inazimika. Asilimia moja tu! i5-3320M kwa mfano ni 2.6 GHz, turbo inafika 3.3, ukiweka 99 inabaki 2.6 na joto linashuka sana. Mwezi wa tisa na wa kumi huku jua linapokuwa kali na ofisi ni bati bila singibodi, naiweka hivyo laptopu yoyote inayoletwa ikilalamika joto, na mpaka sasa sijaona mteja wa kuchapa barua na kutoa kopi aliyegundua tofauti. Ila usishuke huko kwenye 50 au 40, hapo kweli itakuwa konokono. Na hapohapo kuna "System cooling policy": "Active" inaongeza feni kwanza, "Passive" inapunguza kasi kwanza. Ukiwa kwenye chaja weka "Active".

Kujua kama inafanya kazi, weka CPU-Z, programu ya kuonyesha kasi ya prosesa, iache mashine itulie, uone namba ya kasi inashuka, afu fungua kitu uone inapanda. Ikiganda juu wakati hamna kazi, fungua cmd kama admini uandike powercfg /energy, inachunguza kwa sekunde 60 na kukutengenezea ripoti ya nini kinazuia.

Ikiganda chini je, mfano 800 MHz na haipandi hata ukiifanyia nini? Hapo setingi hazihusiki, angalia chaja. Laptopu za Dell zinaisoma chaja kupitia kile kipini cha katikati, zisipoitambua zinashusha prosesa na hazichaji betri, na ukiwasha inakuandikia kwamba aina ya chaja haijulikani. Chaja za mtaani zina huo ugonjwa. Au ni joto, vumbi la huku unalijua lilivyo, fungua, puliza, badilisha pesti ya joto inayopakwa juu ya prosesa.

Kwa walioko vijiji vya mwambao wanaotumia sola hesabu ni hii: betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina Wh 1200, na ukitaka idumu tumia nusu, 600. Laptopu ikivuta wati 30 ni masaa 20, ikivuta 20 ni masaa 30, toa kidogo kinacholiwa na inveta. Desktopu na monita yake zikivuta 90 hufiki hata masaa 7. Na kama monita yenyewe ni ya chogo, hiyo itafute mbadala kwanza, inakula kuliko chochote prosesa itakachookoa.

Wa Linux, angalia kwa cpupower frequency-info. Ukiona drayva ni "intel_pstate", ipo kwenye Intel za 2011 kuendelea, basi modi (governor) ya "powersave" usiiogope, inapanda na kushuka kawaida. Ukiona "acpi-cpufreq" hiyo "powersave" inabana chini kabisa, chagua "ondemand" au "schedutil".

Na desktopu kama kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma na setingi za BIOS zinapotea, usihangaike kuziweka upya kila asubuhi, betri ya kwenye mazabodi imekufa. Ni CR2032, ile ya duara kama sarafu, kwa mafundi saa wanayo.