Kuvuka Nyika ya Hetha kwa Siku Moja Ukiwa na Mwenzako

Vilima vya kaskazini mwa Uingereza humdanganya mgeni kwa ufupi wake. Kinder Scout, kilele kirefu kuliko vyote katika eneo la vilima la Peak District, kina mita 636 tu, lakini uwanda wake wa juu ni udongo mweusi wa mboji uliokatwakatwa na makorongo, majimaji yaliyojificha chini ya nyasi, na hetha, kijichaka kigumu kinachoweza kufika magotini na kuchanua maua ya zambarau mwezi Agosti. Kazi kubwa ya siku si kupanda bali kuvuka, na kwa hiyo safari ya namna hii hupangwa kwa saa, si kwa kilomita.

Kanuni inayotumika sana ni ile ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892, ambayo kwa vipimo vya sasa huhesabu saa moja kwa kila kilomita 5 na kuongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Safari ya kilomita 16 yenye mita 600 za kupanda itachukua, kwa kanuni hiyo, saa 4 na dakika 12. Kanuni hiyo, hata hivyo, haimfikirii mtu anayelazimika kuinua goti kwa kila hatua. Pasipo na njia, kadirieni nusu ya mwendo huo. Iwapo kilomita 4 kati ya zile 16 zinapita katikati ya hetha, mtatembea saa 5 kamili kabla ya kuhesabu mapumziko, na mwezi Desemba jua huzama huko kabla ya saa kumi jioni. Kubalianeni mapema, mkiwa bado chini, saa ya kugeuka, maana ni vigumu kumshawishi mwenzako arudi wakati kilele kinaonekana.

Kwa Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 2000 huruhusu kutembea nje ya njia katika maeneo yaliyoonyeshwa kwenye ramani, ingawa baadhi hufungwa kwa muda, kwa mfano panapokuwa na hatari ya moto. Hakikisheni kabla ya kuondoka.

Vitu vya lazima msigawane. Kila mmoja awe na ramani ya skeli ya 1:25,000, dira, tochi, filimbi, chakula na nguo za mvua na baridi, kwa sababu mnaweza kupotezana.

Mkiwa juu, someni ardhi kwa rangi. Hetha ya kahawia huota penye ukavu kiasi, hivyo itawachelewesha lakini itawabeba. Nyasi zenye vishungi vyeupe mithili ya pamba huashiria mboji iliyolowa. Na kuvumwani, mimea midogo laini ya kijani kinachong'aa, izungukeni, kwani chini yake huenda kuna maji ya kumzamisha mtu hadi kiunoni.

Ukungu ukishuka, ndipo faida ya kuwa wawili inapoonekana. Mwenye dira asimame na kuelekeza mkono kule wanakokwenda, na mwenzake atangulie hadi pale anapokaribia kupotea machoni, kisha asimame na kugeuka. Mwenye dira amsogeze kushoto au kulia kwa ishara mpaka awe sawasawa kwenye mstari, ndipo amfuate, na zoezi lianze upya. Ni kazi ya kuchosha, tena huwatia watu uvivu baada ya mara chache, lakini anayekwepa makorongo peke yake huku akitazama dira mkononi hupinda bila kujua. Anayetangulia ahesabu pia hatua zake, akikumbuka kwamba ndani ya hetha mita 100 hula hatua nyingi zaidi kuliko barabarani.

Mmoja akiumia, ishara ya kuomba msaada ni kupuliza filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, kunyamaza dakika moja, na kurudia. Penye mtandao, pigeni 999, ombeni polisi, kisha kikosi cha uokoaji milimani.

Mkishuka salama, mjulisheni mara moja mtu mliyemwachia ratiba, asije akawaitia waokoaji bure. Halafu kagueni nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani, kwani kupe wa nyika hizo wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Mkimkuta mmoja, mshikeni kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi na kumvuta polepole, bila kumpaka mafuta wala kumchoma.