Chakula Kisipokuwa na Ladha Wakati wa Mafua au UVIKO-19

Mgonjwa anapolalamika kuwa chakula hakina ladha, usikimbilie kumwongezea chumvi kabla hujajua ni hisia ipi iliyopotea. Ulimi peke yake hutambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule ukolevu wa supu ya nyama. Mengine tunayoyaita ladha, kwa mfano kinachotofautisha iliki na mdalasini kwenye chai, huletwa na harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo wakati wa kutafuna na kumeza.

Kipimo cha nyumbani ni chepesi. Fumba macho, weka chembe chache za sukari ulimini, sukutua, kisha rudia kwa chumvi na kwa tone la ndimu. Mwisho unuse kahawa ya unga. Ukivitambua hivyo vitatu lakini kahawa usiisikie, ulimi ni mzima na tatizo liko puani, jambo ambalo ndilo hutokea mara nyingi. Ikiwa hata chumvi haisikiki, huenda ulimi nao umeathirika, kama inavyoweza kutokea kwa UVIKO-19, ila kagua pia dawa unazomeza, maana metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni bila virusi kuhusika.

Katika mafua ya kawaida, uvimbe na makamasi huziba njia ya harufu, na kwa wengi hisia hurudi pua ikifunguka. Virusi vya korona huweza kuiondoa harufu hata pua ikiwa wazi, kwa kuwa hushambulia seli zinazozihudumia neva za kunusa, na ndiyo maana baadhi ya watu huchukua miezi kupona.

Siku hizo, pika kwa kutegemea kile kinachofanya kazi. Uji wa ukwaju, mtindi na kachumbari ya embe bichi huamsha ulimi, na karanga za kukaanga zilizotwangwa kidogo humpa mgonjwa kitu cha kutafuna. Pilipili na tangawizi zina faida ya pekee: ukali wake hupokelewa na neva za maumivu na joto, kwa hiyo husikika hata na asiyenusa, ingawa koo likiwa na vidonda ni afadhali ziachwe. Wapo ambao harufu hurudi imepotoka, kahawa au kitunguu cha kukaanga kikawanukia kama uozo; hao wapewe chakula kilichopoa, kwa kuwa hutoa harufu kidogo. Kama mpishi ndiye mgonjwa, mwingine aonje chumvi, hasa nyumba ikiwa na mwenye shinikizo la damu.

Harufu ikichelewa kurudi, fanya mazoezi ya kunusa. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha utafiti uliotumia harufu nne, yaani waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni kwa wiki 12. Kwetu si vitu vya kuagiza mbali: marashi ya waridi, majani ya mkaratusi yaliyopondwa, ganda la limau, na karafuu ambazo ukizibinya kwa ukucha hutoa mafuta. Viweke katika vikopo vyenye vifuniko, unuse kila kimoja taratibu kwa sekunde 10 hivi huku ukiikumbuka harufu yake, upumzike kidogo, uendelee na kingine. Mazoezi haya huwasaidia baadhi ya watu, si wote. Kujifukiza hakurudishi neva, na sufuria ya maji ya moto imewaunguza wengi, watoto hasa.

Nenda hospitali ikiwa hali imepita mwezi mmoja, unakonda, au ilianza baada ya kuumia kichwa. Uso ukipooza upande mmoja au maneno yakikwama, usisubiri hata saa moja. Hadi pua ipone, maziwa na mboga za jana zinuswe na mtu mwingine, na mtungi wa gesi ufungwe kila baada ya kupika.