Nyumba ya wazee: jinsi ya kuwazoesha wahudumu kusema kabla mzee hajaumia

Nimewaandikia wasimamizi wa nyumba za wazee hapa Uganda, ziwe za masista kama ile ya Nalukolongo aliyoitembelea Papa Fransisko mwaka 2015, au nyumba ya kukodi yenye vitanda sita. Wengi wetu tulifundishwa kazi wodini, ambako mgonjwa hulala siku chache akarudi kwao. Mzee wa kwetu harudi popote, hapa ndipo kwake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, na wanaokufa zaidi ni waliopita miaka 60. Aghalabu kuna mtu aliyeiona hatari mapema akanyamaza. Kazi yetu ni kumfungua mdomo huyo.

Hatua ya 1: Waulize

Marekani wana dodoso la usalama kwa wahudumu wa nyumba za wazee tangu 2008, lenye maswali 42. Anza na manne tu:

- Ukikosea, unaogopa kusema?
- Mzee akiumia, tunatafuta wa kumlaumu?
- Ukisema kuna hatari, kuna kinachofanyika?
- Ukipokea zamu, unaambiwa yote?

Yasome kwa Kiswahili au Kiganda, majibu yaingie kwenye kopo bila jina. Mpishi, dobi na askari wa geti wajibu pia. Askari ndiye anayejua nani hutembea usiku.

Hatua ya 2: Fungua daftari la nusura

Humo yanaandikwa yaliyokaribia kutokea, si ajali peke yake. Weka safu nne: saa, mahali, nini kilitokea, nini kilimwokoa. Usiweke safu ya mkosaji. Mfano wa maandishi mazuri:

"Saa 10 alfajiri, njia ya bafuni. Mama wa kitanda cha 3 ameteleza, akashika mlango. Umeme umekatika. Kandambili zimelika soli."

Msimamizi mwenye haraka atanunua kandambili na kufunga daftari. Usiishie hapo. Uliza: kwa nini alitoka saa hiyo? Haja ndogo. Kwa nini usiku kucha anaamka? Angalia kadi yake ya dawa: huenda furosemide, dawa ya kutoa maji mwilini, anapewa jioni. Zungumza na daktari ihamie asubuhi. Kisha weka taa ya sola kwenye ile njia, na mlezi wa usiku ampeleke msalani kabla hajalala. Kandambili nazo zinunuliwe, bila shaka. Kuteleza kumoja kumekuonyesha mambo manne, na hakuna aliyevunjika nyonga.

Hatua ya 3: Kabidhianeni zamu kando ya kitanda

Dakika kumi, mkiwa mmesimama. Aanze wa cheo cha chini, kwa sababu sista akishasema "wote wako salama", msichana wa kuogesha hatampinga. Na yeye ndiye aliyeona kisigino kimekuwa chekundu, au mzee anakohoa kila akinywa chai.

Tumelelewa kutomkosoa mkubwa, kwa hiyo wape maneno yasiyomvunjia mtu heshima: "Sista, tusubiri kidogo, nina wasiwasi." Mkubaliane kuwa maneno hayo yakisikika, mikono inasimama, hata ya daktari. Yafanyieni mazoezi kwa sauti. Yanahitajika hasa kwenye dawa: mkiwa na akina Nalongo wawili, kwa kuwa wote walizaa mapacha, kidonge cha kisukari cha mmoja kitaingia kinywani mwa mwenzake. Kadi ya dawa iwe na jina kamili na picha.

Hatua ya 4: Chunga jibu lako la kwanza

Mtu akikuletea habari, neno la kwanza ni asante. Ukifoka mara moja tu, nyumba nzima itajua kabla ya chakula cha mchana, na daftari litakauka. Ndani ya wiki, mrudishie jibu mbele ya wenzake: tumefanya hiki, kile bado hakina pesa.

Ila tenganisha makosa na ukatili. Kumpiga mzee, kumfungia chumbani, kula pesa zake za SAGE, yaani ruzuku ya serikali kwa wazee: hayo si ya daftari. Mhusika aondolewe zamu siku hiyo, polisi waarifiwe.

Hatua ya 5: Iambie familia

Siku hiyohiyo, kwa simu, hata kama ni mchubuko.

Hatua ya 6: Rudia maswali baada ya miezi mitatu

Nusura zikiongezeka daftarini, usishtuke wala usikubali bodi imwadhibu mtu: watu wameanza kusema. Likiwa tupu, njoo zamu ya usiku, kaa na walezi hadi asubuhi, uwaulize mmoja mmoja nini kiliwatia hofu wiki hii. Majibu yao yaandike wewe mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza.