Kufungua, kupima na kufunga upya kipoza oili cha lori la dizeli nyumbani

Lori likionyesha oili kwenye rejeta, wengi hapa Kigoma hukimbilia silinda hedi. Hedi inafunguliwa, gasketi inabadilishwa, fedha zinatoka, na lori likirudi kutoka Kasulu oili inaelea tena juu ya maji. Kabla hujagusa hedi, fungua kipoza oili. Ukiwa na uwanja tambarare, soketi nzuri na mahali pa kupata upepo wa kompresa, kazi hii inafanyika nyumbani.

Nazungumzia injini za malori ya kati ya Kijapani, yaani Fuso na Isuzu zinazopakia hapa mjini, Mwanga na Ujiji. Nyingi kipoza chake ni mabamba yaliyofungwa ubavuni mwa bloku, nyuma ya mfuniko. Oili inapita ndani ya mabamba na maji yanapita nje yake. Dukani ulizia "oili kula".

Hatua ya 1: Soma dalili

Injini ikifanya kazi, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji. Oili inaweza kufika bar 4 au 5, wakati mfuniko wa rejeta huachia karibu na bar 1. Kwa hiyo bamba likitoboka, oili ndiyo inayosukumwa kwenye maji. Ukizima injini ikiwa ya moto mambo yanageuka: presha ya oili inashuka hadi sifuri, ya maji inabaki, na maji yanajipenyeza kwenye oili. Ndiyo maana lori linaweza kulala zima na asubuhi dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ikaonyesha oili nyeupe kama mtindi. Ukiliwasha hivyo, metali za krenki (vikombe vinavyoshika mhimili mkuu wa injini) zinaanza kuumia na injini inaelekea kunoki, yaani kuharibika kabisa.

Gasketi ya hedi ina tabia yake. Moshi wa silinda unapoingia kwenye maji, mapovu hutoka rejeta bila kukoma na hozi hukakamaa mapema, hata injini haijapata moto. Ukiona oili kwenye maji lakini hakuna mapovu, anza na kipoza.

Hatua ya 2: Mwaga maji, kisha oili

Acha injini ipoe kabisa. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe ikiwa ya moto. Maji yake yanaunguza vibaya sana. Weka magogo kwenye tairi na vua waya hasi wa betri. Mwaga maji ya rejeta, halafu fungua na bolti ya kumwagia maji iliyo kwenye bloku yenyewe. Ukiisahau hiyo, maji yaliyobaki yatamwagika siku unapong'oa mfuniko.

Kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, ina sumu na ladha yake ni tamu. Uani kuna watoto, mbwa na kuku, kwa hiyo iingie kwenye dumu lenye kizibo, isikae kwenye beseni wazi. Kisha mwaga oili chafu, nayo ihifadhiwe kwenye dumu lake. Isimwagwe mtaroni, kwa maana mitaro yetu inaishia ziwani.

Hatua ya 3: Ng'oa mfuniko

Vua mabomba na hozi zinazoziba njia. Bolti za mfuniko hazina urefu mmoja, kwa hiyo chukua kipande cha boksi, chora umbo la mfuniko, toboa matundu na uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inaweza kupasua bloku.

Mfuniko ukigoma, ugonge kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti. Usichomeke bisibisi katikati ya nyuso mbili, maana mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha.

Hatua ya 4: Safisha

Pitisha dizeli safi ndani ya mabamba, kisha puliza upepo kinyume na njia ya oili. Rudia mpaka dizeli itoke safi. Kama injini iliwahi kunoki, usihangaike: nunua kipoza kipya. Vipande vya chuma hujificha ndani ya mabamba, na siku moja vitatoka kwenda kwenye krenki uliyotoka kuichonga.

Nje utakuta ganda gumu la chokaa. Maji ya Ziwa Tanganyika yanaonekana safi, lakini yana madini mengi kuliko ya Ziwa Victoria, na kila yanapochemka kwenye injini yanaacha ganda. Wanaobeba chumvi Uvinza wawe makini zaidi: maji ya chumvi yasiingie kwenye rejeta hata kwa dharura, yanakula chuma. Loweka mabamba kwenye siki au maji yenye asidi ya limau, sugua kwa brashi laini, suuza sana. Kama ni ya aluminiamu, magadi makali yasiguse kabisa.

Hatua ya 5: Pima kwa upepo

Hapa usiruke. Tundu moja la oili lizibe kwa kipande cha bati nene na mpira, jingine lifungie kiunganishi cha hozi ya kompresa yenye geji. Zamisha kipoza kwenye beseni la maji ya moto, kwa sababu ufa mdogo hufunguka chuma kikipata joto na hujificha kikiwa baridi. Vaa miwani. Anza na bar 1, panda taratibu, na usivuke kiwango cha kitabu cha injini yako. Subiri dakika 10 huku ukiangalia kila kona na kila kiungo.

Povu likitoka kwenye bamba, badilisha kipoza. Gundi ya chuma haifai hapa, na sikushauri kuchomelea kwa risasi: joto na presha ya oili vitaifungua tena, pengine ukiwa njiani na mzigo. Povu lisipotoka kokote, tatizo huenda lilikuwa gasketi ya kipoza au oringi (pete zake za mpira), na kipoza chako ni kizima.

Hatua ya 6: Funga

Toa vavu ya baipasi (inayoruhusu oili ipite pembeni ya kipoza), ioshe, isukume kwa kidole. Iende na kurudi bila kukwama. Ikiganda wazi, oili itapita pembeni bila kupozwa.

Safisha nyuso zote mbili, gasketi na oringi ziwe mpya. Oringi zipake oili safi. Silikoni weka pale tu kitabu kinaposema, tena nyembamba. Inayozidi hukatika ndani na kuziba njia ya oili. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa mikupuo mitatu. Bolti za milimita 8 kwa kawaida hazivuki Nm 25, kwa hiyo tumia toki renchi (spana inayopima mkazo), usikaze kwa nguvu za mkono.

Hatua ya 7: Osha mfumo wa maji

Injini isiwashwe bila oili: kwanza weka filta na oili kama aya inayofuata inavyosema, na uzungushe stata kama hatua ya 8 inavyoeleza. Kisha vua thamostati, jaza maji na sabuni ya maji kidogo, washa injini ipate moto, zima, ikishapoa mwaga. Rudia mpaka maji yasiwe na utelezi, kisha suuza kwa maji matupu. Hozi zilizolainika kwa oili zibadilishe. Thamostati irudi, wanaoiacha nje hufanya injini ichelewe kupata joto lake na kula dizeli zaidi.

Weka filta mpya na oili mpya. Kama maji yalikuwa yameingia kwenye oili, tumia kwanza oili ya bei nafuu, iache injini isailensi (ingurume polepole bila kukanyaga mafuta) dakika chache, mwaga, ndipo uweke ya kudumu na filta nyingine.

Hatua ya 8: Jaribu

Kata dizeli na uzungushe stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Washa, toa upepo kwenye mfumo wa maji, kagua mfuniko kwa tochi. Endesha bila mzigo hadi Kidahwe na kurudi. Lori lilale. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua rejeta na uchomoe dipstiki. Vyote vikiwa safi, pakia.