Kumtafuta daktari wa upasuaji chini ya nembo ya mzinga

Jiwe la kaburi la jeshi la Uingereza hutaja kikosi alichofia mtu, halitaji kazi aliyosomea. Daktari wa upasuaji aliyejiunga na kikosi cha mizinga katika Vita ya Kwanza ya Dunia akafa akiwa ofisa wa huko, iwe amelala Iringa au Ufaransa, jiwe lake litaonyesha mzinga na magurudumu yake. Udaktari wake utautafuta kwenye karatasi.

Anza na jiwe. Nenda na chupa ya maji ya lita moja na nusu, brashi laini na kioo kidogo. Lowesha, sugua ukoga taratibu, kisha elekeza mwanga wa jua kwa kioo ukiteleza kutoka ubavuni. Herufi zilizofifia zitapata kivuli na kusomeka. Stili waya na dawa ya madoa viache nyumbani. Unga nao usipake, kwa sababu masalia yake hulisha ukoga.

Nakili kila nukta kama ilivyo. R.F.A. na R.G.A. ni vikosi vya mizinga, R.A.M.C. ni kikosi cha madaktari, nembo yao nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: daktari aliyepelekwa kutibu wapiga mizinga huandikwa R.A.M.C., pengine na neno "attd.", yaani ameambatishwa kwa muda. Huyo hakuwa ofisa wa mizinga. Na M.C. ni nishani ya ushujaa iliyoanzishwa Desemba 1914, wakati M.Ch. ni shahada ya upasuaji. Herufi moja tu, nawe umeshampa mtu taaluma isiyo yake. Usishangae kukosa namba ya jeshi: maofisa wa vita ya kwanza hawakuwa nayo.

Kisha ingiza jina la ukoo na tarehe ya kufa kwenye orodha ya mtandaoni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ni bure. Soma maelezo ya ziada, maana wazazi wakati mwingine walitaja shahada za mtoto wao. Ukiona F.R.C.S., herufi za mwanachama wa chuo cha upasuaji, hamia kwenye wasifu wa wanachama waliofariki wa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza. Katika magazeti ya zamani usitafute "Dr" peke yake. Daktari wa upasuaji wa Kiingereza huitwa "Mr".

Faili za maofisa ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza, Kew, London, katika mafungu ya WO 339 na WO 374. Kadi za nishani ni WO 372, na hizo huorodhesha vikosi alivyopitia. Wengi waliopigana huku Afrika Mashariki walitoka Afrika Kusini. Faili zao ziko Pretoria, kwa hiyo kukosa jina Kew hakumaanishi lolote.

Shajara za vita, yaani kumbukumbu za kila siku za vikosi, ni WO 95, na zinataka majina ya miji ya enzi ya Wajerumani. Tukuyu tafuta Neu Langenburg, Manda tafuta Wiedhafen, Kasanga tafuta Bismarckburg. Mbeya usiihangaikie, mji wenyewe ulikua baadaye na dhahabu ya Lupa.

Linganisha tarehe pia. Waingereza waliingia Iringa mwisho wa Agosti 1916. Ofisa wao aliyekufa kabla ya hapo na kaburi lake liko Iringa, ama alikuwa mateka, ama alizikwa kwingine akahamishwa.

Ukitafuta mpagazi aliyebeba risasi za mizinga hiyo, njia hii haitakufikisha: wengi wao hawakupewa jiwe wala jina, na Tume yenyewe ilikiri hivyo mwaka 2021. Huko utaanza na wazee wa ukoo.