Ferrari 360 na F430: cheti cha Maranello ulipe au uache?

Ukianza kuwinda Ferrari 360 au F430 kuna siku muuzaji atakwambia "hii ina kitabu chekundu", na bei inapanda hapohapo. Kabla hujaongeza hata senti, au kabla hujapeleka gari yako mwenyewe ikatafutiwe hicho kitabu, elewa kwanza kinathibitisha nini.

Ferrari Classiche ni idara iliyopo kiwandani kwao Maranello, Italia, imeanza 2006, na kwa gari za barabarani inapokea zilizovuka miaka 20. Fundi wa wakala rasmi anainyanyua gari, anapiga picha namba ya chesisi, ya injini, ya giaboksi, anapitia bodi, breki, rimu, shokapu, ekzosi, afu faili linaenda Maranello wanalinganisha na kumbukumbu za siku gari inatoka kiwandani. Ikipita ndo unapewa kile kitabu chekundu, ndo cheti chenyewe. Sasa sikiliza vizuri hapa, hakikwambii klachi imebaki kiasi gani wala kama injini inakula oili. Kinakwambia gari ni ileile iliyotoka kiwandani, basi.

Kwa Ferrari za miaka ya 50 na 60 sina ubishi kabisa, nyingi zilikimbizwa mashindanoni, injini zikafa zikawekwa nyingine, bodi zikaundwa upya, bila cheti huwezi kujua unanunua nini. Lakini 360 ya kawaida ya 1999 au 2000 yenye gia za F1 (zisizo na pedali ya klachi), daftari la sevisi limejaa mihuri na risiti zote zipo, nani anaitilia shaka injini yake? Mi ningechukua zile euro elfu kadhaa za cheti nikafanya timing belt na klachi, maana mnunuzi wa gari kama hiyo atauliza hivyo kabla ya kuuliza kitabu.

Panapobadilika ni kwenye gia za mkono. Watu wanazitafuta sana hizi, zile zenye bati lenye njia za kupitisha lever, na bei yake iko mbali mno na ya F1. Sasa giaboksi ya F1 kwenye 360 na F430 kimsingi ni ileile ya mkono, tofauti ni mfumo wa haidroliki unaobonyeza klachi na kubadilisha gia badala ya mguu na mkono wako, kwa hiyo mafundi wanaondoa hiyo haidroliki wanaweka pedali ya tatu na lever, na kazi ikiwa nzuri ukikaa ndani hujui. Maranello wanajua, kwao imeandikwa ilivyotoka. Kama yako ni ya mkono tangu kiwandani, lipia cheti bila kusita. Hivyohivyo yale matoleo makali, Challenge Stradale ya 2003 kwa upande wa 360, na 430 Scuderia kwa upande wa F430 ikishafikisha miaka 20, maana 360 ya kawaida kuivalisha bampa na ule mstari wa katikati sio kazi ngumu.

Kama umeamua kufanya, usikimbilie kulipa. Kaa na fundi wako mwandike kila kitu kisicho cha kiwandani, ekzosi, rimu, springi, usukani, kwa sababu vitu hivyo watataka virudishwe, na spea za Ferrari bei yake unaijua. Muombe wakala makadirio ya maandishi yenye ada na spea pamoja, sio ada peke yake. Kinachoniuma ni manifoldi za F430, yale mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini, zile za kiwandani zinajulikana kwa kupasuka na vipande vinaweza kurudi kuua injini, kwa hiyo mwenye akili anaweka za nje, zisizo za Ferrari, zilizo imara, afu huyo aliyeijali gari ndo anaonekana kaiharibu uhalisi. Weka za nje usiogope, ila zile za zamani usiwape watu wa skrapu, zifunge kwenye boksi pamoja na risiti ziende na gari.

Na kama wewe ndo mnunuzi, angalia tarehe ya cheti, gari inaweza kuguswa sana baada ya hapo. Chukua tochi, fungua kitabu kwenye ukurasa wa namba, ingia chini ya gari usome ya injini na ya giaboksi kwa macho yako mwenyewe, na muuzaji akikataa gari isinyanyuliwe, ondoka.