Mgeni akisema "cow" mbele ya tembo

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza watalii hapa Arusha, siku moja mkiwa Tarangire mgeni atanyooshea kidole tembo na kusema "cow". Usigeuke kutafuta ng'ombe wa Wamasai.

Neno hilo kwanza ni ng'ombe jike, lakini Waingereza hulitumia pia kwa majike ya wanyama wakubwa: tembo, nyati, kiboko, faru, twiga, pofu, hata nyangumi. Dume ni "bull", mtoto ni "calf". Ila usilivute kila mahali. Pundamilia jike ni "mare", kama farasi, na simba jike ana jina lake, "lioness".

Neno lenyewe ni la kale mno. Kiingereza cha kale kilisema "cu", na shina lake ni lilelile lililozaa "bos" ya Kilatini. Hata "beef", iliyopitia Kifaransa, ni ndugu wa ukoo huohuo, japo kwa sura huwezi kudhani.

Mimi nilichanganywa na kitenzi "to cow", kumtisha mtu hadi anywee. Hicho hakihusiani na mnyama. Huaminika kilitoka Skandinavia, kwenye neno la kukandamiza. Na "coward", mwoga, limetokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya mkia. Yaani aliyefyata mkia! Hapo wao na sisi tumekutana.

Mwanamke usimwite "cow" hata kwa utani. Ni tusi, kama ambavyo huwezi kumwita shangazi yako jike.